Kuiga hewa inavyobanduka kwenye panga la mtambo wa upepo: anza na S809

Wanafunzi huniletea picha za mwigo wa kompyuta zenye rangi nzuri, nami huuliza swali lilelile: hewa imebanduka wapi, yaani imeacha wapi kufuata uso wa panga? Ukishindwa kunionyesha mahali, picha yako ni pambo tu.

Anza na mkato wa S809, yaani umbo la panga ukilikata kwa upana. Unene wake ni asilimia 21 ya upana wa panga, na ndio uliotumika kwenye mtambo wa majaribio wa NREL Phase VI (NREL ni maabara ya nishati jadidifu ya Marekani) uliopimwa mwaka 2000 katika handaki kubwa la upepo la NASA Ames. Vipimo vyake vipo wazi, kwa hiyo utakuwa na cha kujilinganisha nacho. Katika namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo wa hewa na za mnato wake) ya milioni 2, hewa huanza kubanduka kutoka ukingo wa nyuma pembe ya upepo, ile iliyo kati ya upepo na mstari wa upana wa panga, ikikaribia nyuzi 9. Ikifika 20, hewa imebanduka karibu mgongo mzima, yaani upande wa juu wa panga.

Mimi hutumia OpenFOAM, programu ya kuiga mwendo wa hewa, kwa sababu ni ya bure. Weka upana mita 1 na kasi mita 30 kwa sekunde. Mpaka wa nje uwe mbali, angalau mara 20 ya upana. Ukibadili pembe, geuza mwelekeo wa upepo na uache wavu (seli ndogo zinazoigawa hewa kwa ajili ya hesabu) ulivyo, ila kumbuka kugeuza pia mwelekeo wa nguvu ya kuinua na wa ukinzani kwenye faili la kukokotoa nguvu hizo. Wengi hulisahau hili, kisha wanailaumu programu.

Kazi yenyewe iko ukutani. Seli ya kwanza iwe na kimo cha milimita 0.012 hivi, ili y+, kipimo kisicho na uniti cha umbali wa seli hiyo kutoka ukutani, kibaki karibu na 1. Ukikuza kila tabaka kwa 1.2, utahitaji tabaka kama 32 kufikia milimita 20, unene wa tabaka mpaka (hewa iliyopunguzwa kasi na ukuta) karibu na ukingo wa nyuma. Usibane matumizi hapa. Seli za mbali punguza upendavyo.

Kuhusu modeli ya msukosuko, yaani milinganyo inayokadiria mchafuko wa hewa, ile ya k-epsilon iache kabisa: huing'ang'aniza hewa ukutani hata pale inapotaka kutoka. Chukua kOmegaSST. Kwa pembe ndogo, hewa juu ya S809 hubaki tulivu hadi karibu nusu ya upana. Ukiihesabu yote kuwa ya msukosuko, ukinzani utazidi. Hapo kOmegaSSTLM, inayokadiria pia mahali hewa tulivu inapogeuka kuwa ya msukosuko, husaidia.

Endesha simpleFoam, kikokotozi cha OpenFOAM cha hewa isiyobadilika kwa wakati, kuanzia nyuzi 0, ukipanda mbili mbili. Tazama nguvu ya kuinua, siyo masalio (kosa linalobaki kwenye milinganyo) peke yake. Ikianza kupanda na kushuka bila kutulia, hamia pimpleFoam, cha hewa inayobadilika kwa wakati, kwa hatua za sekunde 0.0003, kisha uchukue wastani.

Sasa chora msuguo wa ukutani juu ya mgongo, toka mbele kwenda nyuma. Pale msuguo unapovuka sifuri, hewa imebanduka. Ukirudi, imeshika tena, na hicho ni kiputo kidogo tu. Angalia ishara: OpenFOAM huandika msuguo huo kinyume, hasi pale hewa inapokwenda mbele vizuri.

Kuanzia nyuzi 9 na kuendelea, tarajia kOmegaSST ichelewe kubandua hewa na ikupe nguvu ya kuinua kubwa kuliko vipimo. Na matokeo haya ya mkato mmoja usiyapeleke kwenye shina la panga linalozunguka: pale mzunguko wenyewe huchelewesha kuporomoka kwa nguvu ya kuinua, na wavu wa pande mbili hauwezi kuliona hilo.