Kusawazisha mashine ya pinboli kwenye sakafu isiyo sawa

Pinboli ni mchezo wa mpira wa chuma unaobingirika kwenye ubao wenye mteremko. Toa kioo kwanza. Pimamaji huwekwa juu ya ubao wenyewe wa kuchezea. Kabati linaweza kukudanganya. Pima usawa wa kushoto na kulia karibu na vipigio (vikono vinavyopiga mpira), kisha juu kabisa. Legeza nati ya mguu, mwenzako anyanyue kona, nawe uzungushe skrubu upande ulioinama mpaka kiputo kikae katikati. Halafu inua miguu ya nyuma kwa mizunguko sawa hadi mteremko ufike takriban digrii 6.5, urudie kupima usawa wa kushoto na kulia, maana mara nyingi huwa umehama.

Mguu mmoja ukining'inia, mashine itayumba kila ikisukumwa: ushushe mpaka ukanyage. Skrubu ikikaribia kuisha, weka ubao mgumu chini yake. Kaza nati, kisha hakikisha timazi ya tilti (kifaa kinachogundua mashine ikitikiswa kupita kiasi) inaning'inia katikati ya pete yake.