Koilova (springi na shokapu zilizounganishwa pamoja, unaweza kurekebisha): kuseti urefu wa gari na ugumu wa shokapu

Kabla hujagusa kitu pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, tairi zote nne, andika. Piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), legeza ringi ya loku ya chini kisha zungusha bodi ya shokapu, ile ringi inayokaza springi iache kama ilivyo coz hiyo sio ya urefu kwa koilova za aina hii (zile ambazo bodi ya shokapu inazunguka ndani ya kishikio cha chini). Kulia na kushoto ziwe sawa. Shusha, endesha kidogo springi zikae, pima tena. Na jamani msishushe mpaka tairi inakula fenda, matuta ya Bongo mnayajua wenyewe.

Ugumu sasa: kaza nobu (kile kitufe cha kuzungusha cha ugumu kwenye shokapu) mpaka mwisho taratibu, halafu rudisha ukihesabu kliki mpaka nusu, anzia hapo. Gari ikivuka tuta inaendelea kunesa, kaza kliki mbili, ikirukaruka kwenye lami mbovu legeza, badili mbele au nyuma tu kwa mara moja ndo utajua nini kimesaidia. Mwisho kabisa alaimenti (kupanga tairi zikae sawa), lazima, ukishusha gari kamba (camber, yaani mlalo wa tairi) inabadilika na tairi zitalika upande.