Kutambua Aina za Magazini ya Bunduki za Lee

Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha uichomoe magazini, yaani kasha la kuwekea risasi, na kuitazama ubavuni kwenye mwanga wa kutosha. Lee-Metford, bunduki ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1888, ilibeba risasi 8 zilizopangwa mstari mmoja, ilhali toleo la pili la mwaka 1892 lilibeba 10 kwa kuzipishanisha kushoto na kulia, ndiyo maana kasha lake ni pana zaidi. Ukiona kipete kidogo cha kufungia mnyororo, ambao ulizuia askari asiipoteze magazini yake, hiyo ni ya zamani.

Kinachowachanganya wengi ni umbo la chini. Ganda la risasi ya .303 (kipimo cha inchi), inayotumika katika bunduki hizi za Uingereza, lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, hivyo risasi hulala kwa mshazari na kasha likafuata mshazari huo; risasi ya milimita 7.62 haina ukingo huo, kwa hiyo magazini za bunduki ya Ishapore 2A1 ya India zina pembe za mraba. Magazini ya No. 1 na ya No. 4, matoleo mawili ya bunduki ya Lee-Enfield iliyofuata Lee-Metford, hufanana mno, lakini hazibadilishani, na wauzaji wengi huzichanganya. Usilazimishe; midomo ya juu ya magazini ikipinda, risasi hukwama.