Baiskeli ya kukunja kwenda kazini Dodoma: bawaba, mbigili na tairi ndogo

Mwongozo huu ni wa baiskeli mpya ya inchi 20 yenye gia za nyuma, kwa mtu anayeishi Area C, Kisasa au Nkuhungu na anayetaka kufika ofisini bila kusubiri daladala.

1. Kaza kabla ya kupanda

Baiskeli ya kwenye boksi huja imekazwa nusunusu. Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Ukiilazimisha upande mwingine unakula tredi za krenki (mkono unaoshika pedeli), na krenki ya alumini ikishaliwa ni ya kubadilisha.

Bawaba ya fremu na ile ya nguzo ya usukani ndizo zinazobeba uhai wako. Mkono wa kufungia uanze kuwa mgumu ukifika katikati, kisha ufungwe kwa nguvu ya kiganja. Ukifunga kwa kidole kimoja, umelegea. Ukihitaji nyundo, umekaza mno na unaweza kupasuka. Rekebisha nati au boliti yake robo mzunguko kwa mara moja, ujaribu tena. Halafu bana breki ya mbele na usukume usukani mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye kiungo cha bawaba: ukisikia kitu kikigonga au kucheza pale, usiipande. Rudia ukaguzi huo baada ya wiki ya kwanza.

Siti: ule mstari wa mwisho kwenye nguzo yake uzame ndani ya fremu, usionekane.

2. Tairi, upepo na mbigili

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kuiacha baiskeli nyuma ya mlango.

Kwanza kipimo. "Inchi 20" ni vipimo viwili visivyoingiliana: 406 na 451 (milimita za kipenyo cha rimu). Baiskeli nyingi za kukunja, pamoja na BMX za watoto, ni 406. Inchi 16 nazo zina 305 na 349. Soma namba ubavuni mwa tairi ya zamani, mfano 47-406, na ununue inayolingana nayo. Muuzaji akisema inchi 20 zote ni moja, hama duka. Tyubu chukua yenye valvu kama ya gari, ili kijiwe chochote cha kujaza upepo kikuhudumie.

Upepo: usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya upana wa inchi 1.75, anza na PSI 55 nyuma na 45 mbele. Tairi laini hubana tyubu kwenye rimu ukigonga shimo, na utakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba. Kwenye kompresa ya gari, mwambie fundi aguse na kuachia, aguse na kuachia. Tairi ndogo hujaa kwa sekunde chache, na akishikilia kama anajaza Noah, inapasuka.

Sasa mbigili. Hutambaa kandokando ya njia za vumbi na viwanja vitupu, na mwiba wake hutoboa tundu dogo kiasi kwamba upepo unaisha usiku, asubuhi unakuta tairi imelala. Kinga ninayoipendelea ni tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu, ikatandikwa kati ya tairi na tyubu nzima. Wengine hutumia tairi kuukuu iliyokatwa kingo. Siipendi: ncha zake husaga tyubu taratibu mpaka itoboke. Maji ya kuziba pancha yanafaa kwa matundu madogo, lakini yakivuja juu ya tyubu kiraka hakishiki mpaka uifute na kuikausha kabisa.

Pancha ikitokea, usikimbilie kufungua gurudumu la nyuma. Zungusha tairi, tafuta mwiba, weka alama ya chaki mahali ulipo, kisha uung'oe. Toa upepo, banua upande mmoja wa tairi hapo tu, vuta kipande cha tyubu nje. Kwaruza kwa msasa, paka gundi, subiri ikauke hadi isinate kidoleni (kiraka kingi huchomoka kwa sababu ya haraka hii), bandika na ubane sana. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi yote. Mbigili mara nyingi ni zaidi ya mmoja, na ncha iliyovunjikia ndani huonekana tu inaponasa kitambaa. Usitumie vidole.

Kama lazima ufungue gurudumu, hamishia kwanza cheni kwenye duara la meno dogo kabisa la nyuma. Nati nyingi ni spana namba 15.

3. Njia

Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita kama 17 mashariki mwa katikati ya jiji. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni saa moja na zaidi, na upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki: asubuhi unakukabili, jioni unakusukuma. Kama ofisi yako iko huko, endesha hadi kituoni, kunja, panda daladala, malizia kwa pedeli. Patana na konda kabla hujapanda.

Gurudumu dogo huzama mchangani. Rudisha uzito nyuma, legeza mikono, usiguse breki ya mbele. Reli ivukwe kwa pembe mraba.

4. Kukunja

Kunja pedeli ya kushoto, fungua fremu, laza usukani, shusha siti. Angalia waya za breki zisibanwe kwenye bawaba.

5. Cheni

Futa vumbi kila wiki. Mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufute yaliyobaki nje. Oili ya injini hugeuka tope jeusi kwa vumbi la Dodoma na kula meno ya gia. Masika, Desemba hadi Aprili, paka kila baada ya kunyeshewa, ukishaikausha kwanza.