Somo: Shimba Hills wakati wa masika, kwa anayetaka kuitazama mimea

Wengi wetu wa Mombasa tukienda Shimba Hills hifadhi ya wanyama iliyoko Kwale, macho yote huwa kwa ndovu na palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu. Majani hubaki nyuma ya picha. Leo tuyageukie hayo majani.

Hatua ya 1. Anza kutazama njiani. Ukivuka feri Likoni, panda matatu ya Kwale ukae dirishani. Hadi Kombani ni minazi, miembe na mikanju. Hapo gari hukata kulia, barabara inapanda, na kijibaridi kinaanza kuingia.

Hatua ya 2. Langoni omba askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), maana ndovu wapo. Mwambie mapema mnataka mwendo wa pole, la sivyo mtajikuta mmeshafika maporomoko ya Sheldrick hamjaona kitu.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Simama pale nyasi zinapokutana na msitu. Moto na malisho ndivyo vinavyoizuia miti isizimeze nyasi. Sasa geukia mashariki uone bahari: upepo wa kusi unavuta unyevu kutoka huko, vilima vinaupandisha juu, unapoa, unakuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana huku kuna msitu, na Mariakani, mbali zaidi na bahari, ni vichaka.

Hatua ya 4. Chagua mti mmoja tu uukague. Mimi napenda mbambakofi. Tafuta chini maganda yake mazito yaliyopasuka. Ndani mbegu ni nyeusi tii, kila moja na kofia yake nyekundu. Piga picha jani juu na chini, gome, kisha tunda. Picha ya mti mzima kwa mbali haimsaidii mtu kuutambua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niliona mmea wa majani ya miiba, nikadhani ni mnazi uliodumaa. Ni nini?*
Huo ni mtapo, dada. Si jamaa ya mnazi hata kidogo. Hautoi maua, hutoa koni, na dume na jike ni miti mbalimbali.

*Naweza kuchukua mbegu mbili tatu za mbambakofi?*
Hapana, kaka. Ni hifadhi. Tazama, piga picha, acha.

*Nivae nini? Naogopa kupe.*
Suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Viatu viwe vya kushika chini. Njia ya Sheldrick ina mteremko, na masika huteleza vibaya wakati wa kurudi juu.