Kitalu cha migrivea nyuma ya nyumba: chunga mizizi

Anayetaka kuanzisha kitalu huniulizia mbegu. Mimi humuuliza kwanza mvua kwao zinaanza lini. Kwetu Moshi masika huja Machi, na mche wa mgrivea, mti wa mbao na kivuli, hutaka miezi minne hadi sita, kwa hiyo nasia Septemba. Ukisia Januari, miche itakuwa tayari watu wameshapanda.

Hatua ya 1: Mbegu. Chuma matunda yakianza kugeuka kahawia. Ukichelewa yanapasukia mtini na mbegu zinapeperuka. Yaanike kivulini juu ya gunia. Chuma kwenye miti kadhaa iliyonyooka, siyo ule mmoja ulio karibu na geti.

Hatua ya 2: Kusia. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa, funika mbegu kidogo tu, tandaza nyasi. Zikichomoza, toa nyasi. Mwagilia asubuhi, tuta likilala na maji, kinyaushi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche mchanga, huingia na miche hulala chini yote.

Hatua ya 3: Viriba, yaani vifuko vya kukuzia miche. Madebe matatu ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza, moja la mchanga. Finya konzi moja: ukishikamana kama ugali, ongeza mchanga. Unapohamisha mche, ushike jani, usishike shina.

Hatua ya 4: Mizizi. Hapa ndipo wengi tunapoharibikiwa. Mzizi hutoboa kiriba ukaingia ardhini, mche unanawiri, nawe unajisifu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na miche 400 ya kuringia. Mteja alipokuja na gari tukaanza kuinyanyua: tk, tk, tk, mizizi inakatikia chini. Wiki haikuisha akanipigia, imekauka. Hela yake nilimrudishia. Siku hizi, mche ukifikisha miezi miwili, kila baada ya wiki mbili nanyanyua viriba vyote, nakata kwa mkasi mzizi uliochungulia, kisha namwagilia papo hapo. Kazi inachosha mgongo, hilo sikufichi.

Hatua ya 5: Kukomaza. Mwezi wa mwisho punguza kivuli na maji taratibu. Mche ukilegea mchana na kuinuka jioni, usiogope.

Siku ya kuuza, chana kiriba kimoja mbele ya mteja aone mizizi ilivyo. Huo mche mpe bure, akaupande leo leo.