Kula Kichina kwa Dola Chache Bloomington: Kwa Wanafunzi Wanaokuja

Wadogo zangu mnaokuja Bloomington, Indiana, mwezi wa nane, karibuni sana. Posho ya chuo ni ndogo na chakula cha hapa ni ghali. Nimesoma shahada yangu ya uzamivu Indiana University kwa kutegemea vitu viwili: migahawa ya Kichina ya kubeba, na jiko dogo la umeme la kupikia wali. Kimoja bila kingine hakikufikishi mbali.

Anza na jiko la wali. Linunue wiki ya kwanza, pamoja na mfuko mkubwa wa mchele. Wali unajua kuupika tangu nyumbani, kwa hiyo usimlipe mtu dola akupikie. Unachokwenda kununua kwa mpishi wa Kichina ni kile usichoweza kukifanya kwenye jiko la chumba cha kupanga: karai pana juu ya moto mkali, nyama na mboga zikapikwa kwa dakika chache tu, brokoli ikabaki kijani na ngumu kidogo. Fedha yako iende huko.

Kwenye menyu utaona kila chakula kina bei mbili, ndogo na kubwa. Ndogo ni kopo la karibu nusu lita, kubwa ni karibu lita nzima. Bei ya ndogo karibu kila mara inazidi nusu ya bei ya kubwa, basi agiza kubwa moja badala ya ndogo mbili. Kwa kawaida watakuwekea na wali mweupe bila kuongeza bei. Wa kukaanga huongezewa bei. Chukua mweupe. Kopo kubwa moja la nyama ya ng'ombe na brokoli, ukiongeza wali wako mwenyewe, ni milo mitatu ya mtu mwenye njaa ya kweli.

Mlo maalumu wa mchana ndio pekee ninaoununua kwa sahani. Huanza kama saa 5 asubuhi na kuisha saa 9 alasiri, siku za kazi, na ndani yake kuna chakula chenyewe, wali, na mara nyingi supu au egg roll, yaani unga uliokunjwa na kujazwa mboga au nyama kisha ukakaangwa. Ukiwa na kipindi mchana, upitie kabla hujaingia darasani. Saa 9 ikishapita, sahani ileile inauzwa kwa bei ya jioni.

Jambo la kuzingatia sana ni kwamba si kila chakula kinalala vizuri kwenye friji. Kuku wa General Tso, kuku wa ufuta, kuku wa machungwa, wote hawa wamekaangwa kwa unga kisha wakamwagiwa mchuzi mtamu. Vile dakika za kwanza ni vitamu, kesho yake ule unga umelowa na umekuwa mzito. Agiza hivyo siku mko watatu au wanne mnamaliza papo hapo. Kwa kulaza, chagua vyenye mchuzi mwepesi: kuku na mboga mchanganyiko, tofu (vipande laini vinavyotengenezwa kwa soya) na maharage mabichi, kamba na brokoli. Tambi za lo mein nazo hulala vizuri. Na pale penye wateja wengi wa kutoka China, uliza mayai ya nyanya juu ya wali. Ni chakula cha nyumbani kwao, mara nyingi ni cha bei ndogo, na ukikionja utadhani mama yako ndiye aliyekaanga.

Kwa Waislamu wenzangu nazungumza wazi. Mimi ni mtu wa Tanga, na hili nililiuliza kwa makini tangu mwanzo. Egg roll mara nyingi ina nguruwe ndani, hata isipoandikwa. Supu ya wonton, yenye vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama, vilevile. Wali wa kukaanga wa "house" huchanganywa nyama zote, nguruwe akiwemo. Michuzi mingi ya rangi ya kahawia hutiwa mvinyo wa kupikia, na kuku wa migahawa hii si wa halali isipokuwa wametangaza. Njia yangu ni kuagiza kamba au tofu na mboga, zipikwe kwa mvuke, bila mchuzi. Sehemu hii huwa mwishoni mwa menyu, kwenye vyakula vya kupunguza uzito. Nyumbani natengeneza mchuzi wangu: kitunguu saumu, tangawizi, sosi ya soya, pilipili na maji ya ndimu.

Kuagiza, piga simu mgahawani moja kwa moja. Programu za simu za kuletewa chakula huongeza ada juu ya ada, na mara nyingi hata bei ya chakula chenyewe humo imepandishwa. Taja namba ya chakula, sema kubwa au ndogo, wali mweupe, utakuja kuchukua mwenyewe. Jina toa fupi. Kwenye bei ya menyu ongeza kodi: asilimia 7 ya jimbo na asilimia 1 ya chakula ya kaunti ya Monroe, yaani chakula cha dola 10 utalipa dola 10 na senti 80. Skrini ya malipo itakuuliza bahashishi. Ukija kuchukua mwenyewe si lazima, ingawa mimi nikiwa na noti ya dola moja huiacha. Aliyekuletea mpaka mlangoni, katika theluji, mpe bila kuhesabu sana.

Ongea polepole na kwa adabu na anayepokea simu. Wengi wanaoendesha migahawa hii Marekani wametoka mkoa wa Fujian huko China, na Kiingereza kwao ni lugha ya kujifunza, kama kwetu. Tangu 1882 sheria ya Marekani iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, lakini mwaka 1915 mahakama iliwaruhusu wenye migahawa kuhesabiwa kama wafanyabiashara, ambao waliweza kupata kibali. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya migahawa hii kuenea mpaka miji midogo. Mle ndani watu wanasimama mbele ya moto kuanzia asubuhi hadi usiku.

Ukifika nyumbani, gawa chakula mara moja, usisubiri umalize kutazama mpira. Kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wali hasa: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali ukikaa mezani huzaa sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Ndani ya friji kula kwa siku tatu, nne mwisho. Kupasha kwenye maikrowevu, nyunyizia wali maji kidogo na ufunike. Lile boksi la karatasi lenye kishikio cha waya usiliingize, hamishia chakula kwenye bakuli. Boksi la povu jeupe nalo vivyo hivyo.

Mwisho, likizo ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, mwezi wa 11. Mji unabaki mtupu, kumbi za kulia za chuo nyingi zinafungwa, na wageni kama sisi ndio tunaobaki mabwenini. Migahawa ya Kichina mara nyingi huwa wazi siku hiyo, na Krismasi pia. Piga simu siku moja kabla uulize saa za kufungua, na umwambie kila Mswahili unayemjua aliyebaki mjini aje na wali wake.